Serengeti Katika Jicho la Kamera

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika nyika iliyotandaa chini ya Kilimanjaro, Mjerumani aitwaye Carl Georg Schillings alitega simba kwa namna ambayo wenyeji hawakuwa wameizoea. Jua lilipozama alifunga ng'ombe au punda mahali ambapo nyayo za simba zilikuwa zimeonekana. Karibu na chambo hicho aliweka kamera, na kando ya kamera unga wa magnesi, ambao ukishika moto hutoa mwanga mkali kwa kufumba na kufumbua. Uzi ulinyooshwa gizani hadi kwenye mitambo. Simba alipokirukia chambo uzi ulivutika, unga ukalipuka, na sura yake ikabaki kwenye bamba la kioo. Kulipokucha wapagazi waliyafungasha mabamba kwa uangalifu, wakayabeba pamoja na mahema, dawa za kuoshea picha, risasi na pembe, na safari ikaendelea.

Mwaka 1905 Schillings alitoa kitabu mjini Leipzig. Jina lake lilitaja vyote viwili, mwanga wa kamera na bunduki, maana mwenyewe alivitumia vyote bila kuona mgongano wowote: mnyama huyu alimpiga picha, yule akampiga risasi ili ngozi yake iende kwenye majumba ya makumbusho. Kitabu kilisomwa sana Ujerumani. Watu ambao hawangefika Afrika maisha yao yote walimwona simba wa usiku mapajani mwao, wakiwa wameketi kwenye viti vyao.

Masimulizi ya hifadhi zetu kwa kawaida huanzia kwenye sheria na matangazo ya serikali. Mimi naanzia kwenye kamera hii ya uzi na unga, kwa kuwa nikiifuatilia historia ya Serengeti tangu wakati huo naona jambo moja likijirudia kwa zaidi ya miaka 100. Karibu kila chombo kipya kilichomwezesha mtu wa mbali kuisogelea nyika hii kilimsogeza pembeni mtu aliyezaliwa jirani yake. Kamera ilitangulia, likaja gari, ikaja ndege, ikaja runinga. Hakuna kati ya vyombo hivyo kilichotengenezwa kwa nia hiyo, lakini matokeo yake tunaishi nayo hadi leo, na ni haki tuyaeleze yalivyokuja.

Kwanza lazima tujue kamera ilifika wakati gani. Mwaka 1890 na 1891 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukitokea kaskazini, ukafagia ng'ombe karibu wote wa wafugaji. Nyati na nyumbu nao walikufa kwa makundi. Baada ya sotoka ikaja ndui, na njaa ikashika pande zote. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, na hata leo wazee hukitaja kwa sauti ya chini. Msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, akaandika habari za watu waliobaki mifupa mitupu, wanawake na watoto wakisubiri mabaki ya nyama kambini kwake. Maboma yalihamwa. Pasipo ng'ombe wa kula majani wala watu wa kuchoma nyika kwa majira, vichaka viliota, na mbung'o wakafuata vichaka.

Miaka michache baadaye ndipo kamera ikaja. Ilikuta nchi ambayo watu wake walikuwa wametoka kufa au kutawanyika, ikaipiga picha, na picha hizo zikaenda Ulaya zikionyesha ardhi pana, majani, wanyama na mbingu. Picha haina namna ya kumwonyesha mtazamaji boma lililohamwa juzi. Mtu wa Berlin aliyeifunua kurasa kwa kurasa aliona dunia ilivyokuwa kabla ya binadamu. Dhana hiyo, kwamba nyika halisi ni nyika isiyo na mtu, ilizaliwa ikiwa na kosa ndani yake, na kosa hilo likaingia katika sheria.

Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata, Waishenyi, Waikizu na Wangoreme walikuwa na ramani yao ya nchi hiyo hiyo. Haikuchorwa. Ilikaa katika majina ya vilima, vijito na mahali pa chumvi, katika njia ambazo wawindaji walizipita, katika matambiko yaliyofanywa mahali ambapo mizimu ya ukoo ilikaa. Kumtaja babu ilikuwa kutaja pia kilima alikokaa na chemchemi alikoteka maji. Waikoma walikuwa, na wangali, na pembe za tembo ziitwazo Machaba ambazo huzienzi kama kinga ya watu wao wote. Ukitaka kujua uhusiano wa mtu na mnyama katika nyika hiyo ulikuwa wa namna gani, anzia hapo: mnyama aliyewindwa kwa kitoweo na biashara ndiye aliyebeba pia heshima ya kabila.

Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya kulinda wanyamapori katika koloni la Wajerumani, ikitaka leseni kwa wawindaji na kutenga maeneo ambayo uwindaji ulikatazwa, moja upande wa Kilimanjaro na jingine kuelekea Rufiji. Waingereza walipoichukua Tanganyika walitunga sheria yao mwaka 1921. Katika sheria za aina hii, kilichotenganisha mwindaji na jangili kilikuwa ni chombo alichoshika mkononi. Bunduki yenye leseni ilikuwa halali. Shimo, wavu, tanzi na mshale wa sumu vikawa haramu. Mzee aliyemfuata pofu kwa siku nzima akisoma nyayo na upepo alikuwa mhalifu. Mgeni aliyelipa ada na kufyatua risasi kutoka mbali alikuwa mwanaspoti. Bwana Nyama, yaani afisa wa wanyamapori, akawa mtu wa kuogopwa vijijini.

Kisha lilikuja gari. Mnamo miaka ya 1920 malori na magari ya petroli yalianza kufika kwenye tambarare za Serengeti, na kwa kuwa simba hakuwa na sababu ya kuliogopa gari, liliweza kumkaribia kuliko mtu yeyote anayetembea. Baadhi ya wawindaji walitumia nafasi hiyo vibaya, wakiwapiga simba risasi wakiwa wamekaa garini, wengi kwa safari moja. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa akiongoza wawindaji matajiri kutoka Kenya, alilipinga jambo hilo katika gazeti la The Times la London mwaka 1929, akitaka watu waje na kamera badala yake. Mwaka huo huo sehemu ya Serengeti ilitangazwa kuwa eneo la akiba ya wanyama.

Naona Finch Hatton alikuwa na haki, na simba wengi walipona kwa ajili ya sauti kama yake. Lakini kamera iliyoshika nafasi ya bunduki ilikuja na mazoea yake. Ili wageni wapate picha nzuri, mzoga wa pundamilia au swala ulifungwa nyuma ya lori na kukokotwa nyikani hadi simba wakaufuata. Baada ya muda simba wa huko walijifunza kwamba mlio wa injini ni wito wa chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani, walileta ndege mbili za kutua majini, moja wameipaka mistari ya pundamilia na nyingine madoa ya twiga. Walipiga filamu ya makundi ya wanyama kutoka angani, na filamu yao ikaonyeshwa Marekani mwaka 1935. Kuanzia hapo Serengeti ilikuwa nchi inayotazamwa kutoka juu.

Aliyekamilisha jambo hilo alikuwa daktari wa mifugo wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Serengeti ilikuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, lakini ndani yake walikuwamo Wamaasai na mifugo yao, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikitafuta namna ya kuigawanya. Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wamepata fedha kutokana na filamu yao kuhusu Kongo, wakataka kununua ardhi iongezwe kwenye hifadhi. Peter Molloy, mkuu wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri jambo jingine: wahesabu wanyama, kwa kuwa hakuna aliyejua ni wangapi wala wanapita wapi. Basi baba na mwana wakajifunza kurusha ndege. Desemba 1957 waliondoka Frankfurt kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakavuka Misri na Sudani hadi Tanganyika.

Kazi waliyoifanya inastahili kuheshimiwa. Waliigawa nyika vipande vipande na kuruka chini chini wakihesabu kundi kwa kundi. Januari 1958 walipata wanyama wakubwa 366,980, wakiwamo nyumbu zaidi ya 99,000. Waliwavisha baadhi ya wanyama mikanda ya rangi ili waonekane kutoka angani, wakachunguza majani ili wajue kwa nini nyumbu hupendelea tambarare za mashariki wakati wa mvua. Walionyesha kwamba mpaka mpya uliopangwa haukulingana na njia za nyumbu. Mpaka ulibadilishwa hata hivyo.

Tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa peke yake angani, ndege iligongana na tumbusi ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na majivu ya baba yake yaliwekwa hapo mwaka 1987. Mwaka wa kifo hicho filamu yao ilitoka kwa jina linalosema Serengeti isife, na mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar kwa filamu za ukweli. Ni vigumu kutaja filamu nyingine iliyobadili hatima ya kipande cha ardhi ya Afrika kiasi hicho.

Sasa tazama ardhini, miezi hiyo hiyo. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini hati ya kukubali kuondoka Serengeti, na kufikia mwaka 1959 watu wao walikuwa wamehamishwa pamoja na mifugo yao. Waliahidiwa kwamba Ngorongoro, iliyotengwa mwaka huo kuwa eneo la mamlaka ya pekee, ingebaki mahali pa watu, mifugo na wanyama pamoja. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na mtu yeyote, hata mwenyeji. Rubani anayeruka kwa ajili ya kuhesabu nyumbu huyaona makundi vizuri sana. Njia ya mchungaji, kisima alichokichimba babu yake na mti wa kufanyia tambiko havionekani kutoka angani, na hakuna safu yao kwenye daftari la hesabu.

Katika miamba ya Moru, ndani ya hifadhi, bado ipo michoro ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi iliyochorwa na vijana wa Kimaasai walipokuwa wakila nyama huko porini: ngao, mistari, sura za ng'ombe. Watalii hushushwa hapo, hupiga picha na kuendelea na safari. Wajukuu wa wachoraji hawaruhusiwi kulaza hata ndama mmoja kando ya miamba hiyo.

Grzimek alikuwa pia na kipindi chake cha runinga Ujerumani, kilichoanza mwaka 1956 na kuendelea hadi alipofariki mwaka 1987. Mamilioni walikitazama. Katika kipindi hicho aliwatangazia watazamaji kwamba sasa wanaweza kununua tiketi ya safari ya pamoja kwenda kuona wanyama wa Afrika Mashariki, wakati kampuni za safari zilikuwa hazijaandaa jambo hilo. Watu walizisumbua kampuni mpaka zikaandaa. Ndivyo safari za likizo za Wajerumani kuja kwetu zilivyoshika kasi. Runinga ilitangulia, ndege ya abiria ikafuata, na fedha za kigeni alizozihesabu Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru zilikuwa na mwanzo wake kwenye sebule za Hamburg na Frankfurt.

Na kwenye sebule za Musoma, Mugumu na Bunda? Zanzibar ilianza kurusha picha za runinga, tena za rangi, mapema miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, kituo cha ITV kilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona runinga ni anasa kwa nchi maskini, na katika mambo ya bajeti sina la kumlaumu. Ila tulinganishe: familia ya Kijerumani ilikuwa ikiwaona nyumbu wa Serengeti nyumbani tangu mwisho wa miaka ya 1950, wakati Mtanzania wa bara, isipokuwa yule aliyepakana na hifadhi au aliyeajiriwa ndani yake, alikaa miaka 35 zaidi bila hata picha yao inayotembea nyumbani kwake. Huyu hakuweza kuingia kwa miguu maana sheria ilimkataza, hakuwa na gari la kuingilia, na hakuwa na kioo cha kumletea nyumbani. Tunapowashangaa leo Watanzania wanaosema hifadhi ni mambo ya Wazungu, tukumbuke hiyo miaka 35.

Katika habari hii yote upo mfano mmoja wa chombo kilichofanya kazi kwa namna tofauti kabisa, nao hauna picha nzuri, kwa hiyo hausimuliwi sana. Ni sindano. Sotoka haikuondoka baada ya Emutai. Ilibaki ikijirudia, ikiua ndama wa nyumbu mwaka baada ya mwaka. Katika miaka ya 1950 kampeni za kuchanja ng'ombe kuizunguka Serengeti zilianza, na muda mfupi baadaye daktari wa mifugo wa Kiingereza, Walter Plowright, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alitengeneza chanjo bora na ya bei nafuu. Wafugaji waliwaleta ng'ombe wao kwenye majosho na mazizi ya kuchanjia. Hakuna aliyemchanja nyumbu. Lakini kufikia mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu, kwa sababu ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa takriban 260,000. Mwaka 1977 walizidi milioni 1.3.

Ule msafara mkubwa wa nyumbu ambao dunia nzima huja kuutazama, kwa ukubwa wake wa leo, ni matunda ya ng'ombe waliochanjwa nje ya mpaka. Ng'ombe walewale waliofukuzwa ndani kwa madai kwamba wanaiharibu nyika ndio walioiokoa, pale wenye ng'ombe walipofanywa washiriki wa kazi hiyo. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote. Laiti ingepigwa filamu moja tu ya mchungaji akimshika ndama wake pembe wakati sindano inaingia, iwe maarufu nusu ya ile ya ndege yenye mistari, huenda mazungumzo yetu kuhusu hifadhi yangekuwa na sauti nyingine.

Baada ya uhuru vyombo viliongezeka. George Schaller alikuja mwaka 1966 kuchunguza simba, na watafiti waliofuata wakawavisha simba kola za redio, hata ikawezekana kumjua simba mmoja kwa namba yake na ukoo wake kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1981 UNESCO iliitambua Serengeti kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2010 watafiti walianza kutandaza kamera za mtego 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Mnyama akipita, joto la mwili wake na mwendo wake huiamsha kamera. Ni uzi wa Schillings uliorudi baada ya karne moja, bila punda wa chambo na bila mlipuko. Picha ziliwekwa kwenye intaneti ili mtu yeyote duniani asaidie kutambua wanyama, na zaidi ya watu 28,000 walijitokeza, wakapitia seti milioni 1.2 za picha. Mwaka 2018 kompyuta iliyofundishwa kwa kazi yao ilionyesha kwamba inaweza kuwatambua wanyama yenyewe.

Kwa sayansi hiyo ni hazina. Mtu wa Chicago aliyetumia jioni zake kubofya fisi na swala alijenga uhusiano wa kweli na nyika ambayo hajaikanyaga, na sina sababu ya kuudharau. Swali langu ni la upande wa pili. Orodha aliyopewa ilikuwa ya wanyama, idadi yao na walichokuwa wakifanya. Ndani yake hamkuwa na jina la kilima ambacho kamera ilifungwa chini yake, jina ambalo bado lipo katika kumbukumbu za wazee wa vijiji vya Robanda na Nata. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja.

Simu ya mkononi ndiyo iliyovuruga mpangilio huu wa miaka 100, maana ni chombo cha kwanza kilichofika mikononi mwa watu wote karibu kwa wakati mmoja. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mpagazi anayepanda mlima huo na mizigo ya wageni sasa anaweza kumpigia mkewe simu ya picha kutoka Horombo. Mwaka huo huo filamu ya Royal Tour ilizinduliwa, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe akiwa muongoza watalii na Mmarekani akiwa mgeni wake. Safari hii anayeeleza nchi mbele ya kamera alikuwa mwenye nchi. Lakini bado kamera ilielekezwa kwa mtazamaji wa ng'ambo, na uzinduzi wa kwanza ulifanyika New York.

Simu ina madhara yake pia. Julai 2025 video ilienea mitandaoni ikionyesha watalii walioshuka kwenye magari yao kaskazini mwa Serengeti, kwenye kivuko cha Mto Mara, wamejazana ukingoni mwa maji, simu juu, huku nyumbu wakihangaika kutafuta mahali pa kupita. Miongoni mwa waliolalamika walikuwamo waongoza watalii na Watanzania wa kawaida, wakidai kanuni zisimamiwe. Nilifarijika kuiona hasira ile. Ilikuwa hasira ya watu wanaojiona wenye mali.

Na simu ilipiga picha nyingine, ngumu zaidi. Juni 2022, serikali ilipokuwa ikiweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, mashariki mwa Serengeti, ili kuzitenga kwa ajili ya wanyamapori, yalitokea mapambano kati ya wakazi na vyombo vya dola. Askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale. Wakazi walijeruhiwa, na wengi walivuka mpaka kuingia Kenya kutafuta matibabu na hifadhi. Picha na video walizopiga kwa simu zao zilizunguka dunia kwa saa chache, na viongozi wa serikali wakazipinga. Kila mmoja ana msimamo wake kuhusu Loliondo. Ninachosema mimi ni cha historia: mwaka 1958 wazee 12 walitia saini na dunia ikaona tumbusi, nyumbu na ndege yenye mistari. Mwaka 2022 waliokuwa wakiondolewa walikuwa na kamera yao.

Kusini kidogo, katika bonde la Yaeda karibu na Ziwa Eyasi, kuna jambo la namna nyingine linaloendelea, na naamini linastahili kuangaliwa na kila mwenye mamlaka juu ya hifadhi zetu. Wahadzabe wa huko, ambao bado huwinda kwa upinde na kuchimba mizizi, walipata hati ya pamoja ya ardhi yao mwaka 2011, wakisaidiwa na Ujamaa Community Resource Team, shirika la wafugaji na wawindaji wenyewe. Mmoja wa viongozi wake, Edward Loure, alipata tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hii. Juu ya ardhi hiyo kukaanzishwa mradi wa hewa ukaa: setilaiti hutazama msitu kutoka angani na kuonyesha kama miti imekatwa, vijana wa Kihadzabe hutembea porini kama walinzi wakiandika nyayo za wanyama na dalili za wavamizi, na fedha za kampuni zinazonunua hewa ukaa huingia vijijini kwa ajili ya matibabu na karo za shule.

Jicho la angani lipo pale pale, na linaona mbali kuliko ndege ya Grzimek. Kilichobadilika ni kwamba anayetembea chini ndiye mwenye hati, na alama zinazoandikwa ni zile anazozijua yeye. Waikoma, Wanata, Waishenyi, Waikizu na Wangoreme wanaweza kufanyiwa hivyo. Vijana wao wana simu, na simu hizo zinajua kuandika mahali zilipo kwa usahihi wa mita chache. Mamlaka ya hifadhi iwaruhusu waingie na wazee wao waliobaki, watembee nao kilima kwa kilima, chemchemi kwa chemchemi, majina yarekodiwe kwa sauti zao, na yaingizwe kwenye ramani rasmi ya Serengeti inayouzwa getini. Kazi hiyo haihitaji ndege wala fedha za Frankfurt. Inahitaji kibali, na ifanyike wazee wakiwa hai.